Nafasi ya kumi na moja

Kuanzia Shinyanga mpaka Geita, ubishi wa kijiweni ni Simba na Yanga. Taja kriketi, utaambiwa huo mchezo wa Wahindi. Basi acha nibishe peke yangu: nani waunde kikosi bora cha Afrika Mashariki cha mechi za kimataifa za siku moja?

Wakenya wanajaa, hakuna namna. Mpigaji mkuu Steve Tikolo. Nahodha Maurice Odumbe, kwa ajili ya Pune, 29 Februari 1996: Kenya mikimbio 166, West Indies wakaishia 93! Kurusha, Thomas Odoyo na Collins Obuya. Na Aasif Karim, mtoto wa Mombasa, ambaye mwaka 2003 alitoa Waaustralia watatu kwa mikimbio 7 tu.

Mtanzania je? Timu yetu haijawahi kucheza mechi za daraja hilo kwa jina lake. Inabidi turudi Kombe la Dunia la 1975, Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia zilipokwenda Uingereza kama timu moja. Walipoteza mechi zote tatu, tena vibaya.

Humo alikuwamo Shiraz Sumar wetu, mechi moja. Alikuwamo pia Mganda John Nagenda, mechi moja, aliyekuja kuandika riwaya ya The Seasons of Thomas Tebo. Sisi wapenda vitabu mkono unatuvuta kwa Nagenda.

Nampa Sumar. Kijiweni watasema ni Mhindi; ni Mtanzania, na alivaa jezi. Nagenda awe wa akiba.