Swichi ya gia za otomatiki: Jinsi ya kuirekebisha bila kuhatarisha maisha

KATIKA nyanda za juu za Kisii na Nyamira, ni nadra dereva kupata mahali tambarare pa kuegesha gari. Kutoka mjini Kisii hadi Keroka, na kuzunguka mwinuko wa Manga, barabara hupanda na kushuka. Ndiyo maana kifaa kidogo kilichofungwa nje ya giaboksi ya otomatiki hakifai kupuuzwa.

Kifaa hicho ni swichi ya gia, na huzungushwa na mhimili uleule unaosogezwa na mkono wa gia. Kazi yake ni kuiarifu kompyuta ya gari gia iliyochaguliwa, kuwasha taa za kurudi nyuma, na kuruhusu stata kufanya kazi katika P au N pekee.

Swichi ikihama mahali pake, dalili hujitokeza. Gari hukataa kuwaka katika P lakini huwaka katika N, herufi ya gia kwenye dashibodi hutofautiana na mkono wa gia, au taa za kurudi nyuma hazionekani. Betri dhaifu pia huzuia gari kuwaka, hivyo ichunguzwe kwanza.

Kabla ya kazi kuanza, gari huegeshwa mahali tambarare, injini huzimwa, breki ya mkono huvutwa na magurudumu huwekewa mawe. Kebo ya gia hukaguliwa mapema, kwani ikilegea, hata swichi nzima itaonekana mbovu. Mkono wa gia huwekwa katika N, kisha bolti za swichi hulegezwa bila kung'olewa. Katika magari mengi ya Toyota, swichi huzungushwa taratibu hadi mfuo wa mhimili ulingane na mstari wa N uliochorwa juu yake, halafu bolti hukazwa pasipo swichi kusogea.

Majaribio hufuata, breki ikiwa imekanyagwa na pasiwe na mtu mbele wala nyuma ya gari. Stata iitike katika P na N tu, na inyamaze katika R na D. Ikiwa hali haibadiliki, huenda maji au kutu imeharibu swichi kwa ndani, na dawa ni kuweka nyingine.

Njia ya mkato ya kuunganisha nyaya ili kuikwepa swichi ni hatari. Gari likiwashwa likiwa katika D au R laweza kuchomoka ghafla, na kwenye mteremko, aliye karibu nalo hana muda wa kukimbia.