Dhahabu ya Lebanon: Uzito Uleule, Thamani Isiyotulia

Miongoni mwa mataifa madogo yaliyojaaliwa hazina ya dhahabu iliyo kubwa kuliko kadiri ya ardhi yao, Lebanon ina kisa cha peke yake. Kwani nchi hii ya mwambao wa Mediterania, ambayo eneo lake halifikii kilomita za mraba 11,000, inamiliki tani 286.8 za dhahabu, yaani wakia milioni 9.2 na ushei, na kwa zaidi ya nusu karne kiasi hicho hakikuongezwa wala kupunguzwa, ilhali thamani yake imepanda, ikashuka, kisha ikapanda tena kwa namna ambayo hapana waziri wa fedha aliyeweza kuibashiri.

Asili ya hazina hiyo ni hofu, na ilikuwa hofu yenye hekima. Lira ya Lebanon ilikuwa imefungamanishwa na faranga ya Ufaransa, nayo faranga baada ya Vita Vikuu vya Pili ilikuwa imedhoofika. Kwa hiyo mwaka 1948 serikali changa ya Beirut ikajitenga na faranga na kuazimia kwamba noti zake zitategemea dhahabu na fedha za kigeni zilizo imara. Kuanzia hapo, katika miaka ambayo Beirut ilikuwa soko la fedha la Mashariki yote ya Kati, dhahabu ikanunuliwa kidogo kidogo, na kazi hiyo ikaendelezwa na Benki Kuu iliyofungua milango yake tarehe 1 Aprili 1964, hata mwanzoni mwa miaka ya 1970 hazina ikawa imetimia kiasi tukijuacho leo.

Bei ya wakia moja wakati huo ilikuwa dola 35, bei iliyowekwa na Marekani tangu mwaka 1934, hivyo dhahabu yote ya Lebanon ikahesabiwa kuwa ni dola milioni 320 hivi. Walakini tarehe 15 Agosti 1971 Rais Nixon alikata uhusiano wa dola na dhahabu, na bei, ikiwa haina tena wa kuizuia, ikapaa mpaka Januari 1980 ikagusa dola 850 kwa wakia. Na akiba ileile, ambayo hapana mkono ulioigusa, ikawa ina thamani ya dola bilioni 7 na zaidi.

Lakini ni katika miaka hiyohiyo ndipo nchi yenyewe ilipokuwa ikiteketea. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka mwaka 1975, mabenki ya Beirut yakavunjwa na kuporwa, na majeshi ya kila madhehebu yakagawana mitaa ya mji. Kabla ya vita, lira mbili na ushei zilitosha kununua dola moja, lakini ilipofika mwisho wa mwaka 1987 zilihitajiwa mia nne na zaidi. Gavana wa Benki Kuu wa zama hizo, mwanasheria Edmond Naim, alihamia kuishi ndani ya jengo la benki, akikataa kuwapa watawala fedha kwa matumizi aliyoyaona hayana msingi wa sheria. Na kwa itikadi yangu mtu huyo anastahili kutajwa katika historia ya nchi yake pamoja na mashujaa, ijapokuwa hakushika silaha.

Mwezi wa Septemba 1986, hali ikiwa ndiyo hiyo, Bunge lilipitisha Sheria Nambari 42, ikakataza dhahabu ya taifa isiuzwe wala kutolewa kwa njia yoyote, ya wazi au ya kuzunguka, pasipo sheria mahususi ya Bunge lenyewe. Tutazame uzito wa tendo hilo: watu waliogawanyika katika kila jambo, na ambao wengine wao walikuwa na wanamgambo njiani, walikubaliana kujifunga mikono yao wenyewe mbele ya mali ambayo siku hiyo ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni 3.

Miaka kumi na tatu baadaye uamuzi huo ungeweza kudhaniwa kuwa ni taksiri, maana mwaka 1999 wakia ilishuka hadi dola 253 hivi, na hata Benki Kuu ya Uingereza ikawa inapiga mnada sehemu ya dhahabu ya nchi hiyo. Lebanon haikuuza, kwa kuwa sheria haikuruhusu. Mwaka 2011 bei ilikuwa imefika dola 1,900, na hazina ikakaribia dola bilioni 18.

Kisha ikaja dhiki iliyoanza mwaka 2019, wakati mabenki yalipowafungia wenye amana milango, na tarehe 9 Machi 2020 serikali ikashindwa kulipa deni la dola bilioni 1.2, jambo ambalo halikuwa limepata kutokea katika historia yake. Lira iliyokuwa ikibadilishwa 1,507 kwa dola tangu miaka ya 1990 ilivuka 89,000 mwaka 2023. Dhahabu nayo ikaenda kinyume: mwezi wa Oktoba 2025 wakia ilizidi dola 4,000, na hazina ya nchi hiyo iliyofilisika ikapita dola bilioni 36.

Si ajabu basi kwamba sauti zimeinuka kutaka iuzwe au iwekwe rehani, ili kuziba pengo la dola bilioni 70 lililofunuka katika mabenki. Wenye amana wana haki, na kilio chao ni cha kweli. Lakini pengo hilo lilichimbwa na mabenki yaliyogawana faida nono, na watawala waliokopa pasipo hesabu, nao hao ndio wanaopaswa kudaiwa mwanzo. Dhahabu hii ni mali ya raia wote, wakiwamo maskini ambao hawakuwa na akaunti yoyote, na wasii wa yatima hana ruhusa ya kulipia madeni yake kwa mali aliyokabidhiwa. Wabunge wa Beirut na waiache Sheria ya 1986 isimame, hata waliofuja wahesabiwe na kila benki ibebe hasara yake.