Lettow-Vorbeck: Kutoka Uwanja wa Vita hadi Duka na Kalamu

Paul von Lettow-Vorbeck, aliyezaliwa Saarlouis, Ujerumani, mwaka 1870, aliwasili Dar es Salaam Januari 1914 akiwa na cheo cha luteni kanali, kuongoza jeshi la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Hakuwa mgeni wa vita vya kikoloni. Alikwisha kupigana China, na Kusini Magharibi mwa Afrika alihudumu chini ya Jenerali von Trotha, wakati Waherero walipoangamizwa.

Vita Kuu ilipozuka, mwambao wa Afrika Mashariki ulikuwa mstari wa mbele. Septemba 1914 manowari Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Unguja. Novemba, Tanga iliona askari wapatao 8,000, wengi wao Wahindi, wakishushwa na Waingereza, kisha wakarudishwa majini na kikosi kidogo mno kuliko chao. Ushindi huo ulimpa Lettow sifa, na bunduki alizoziteka zilimsaidia kuendelea. Gavana Heinrich Schnee alikuwa akitaka bandari zisiguswe na vita. Wawili hao walibaki kuvutana hadi mwisho. Novemba 1917 jeshi lilivuka Ruvuma kuingia Msumbiji, na tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza, likasalimu amri Abercorn, sasa Mbala nchini Zambia, likiwa na askari Waafrika zaidi ya 1,100.

Lettow alipokewa Berlin kwa shangwe Machi 1919. Mwaka uliofuata akajiunga na jaribio la Kapp la kuipindua serikali, likashindwa, naye akapoteza kazi yake ya jeshi. Afisa asiye na jeshi hana pa kwenda ila kutafuta riziki kwingine. Akahamia Bremen, bandari iliyotajirika kwa bidhaa za makoloni, akafanya biashara. Upande huo wa maisha yake hausimuliwi sana, na haukumpatia jina. Jina lilitoka kwenye kalamu.

Mwaka 1920 alitoa vitabu viwili: kumbukumbu zake za Afrika Mashariki, zilizotafsiriwa Kiingereza mwaka huohuo, na Heia Safari!, kilichoandikwa kwa vijana. Schnee alikuwa amemtangulia kwa kitabu chake cha 1919, hivyo ugomvi wa porini ukahamia madukani mwa vitabu. Lettow ndiye aliyeshinda huko pia. Simulizi yake ya askari waaminifu na jemadari asiyeshindwa ilikubaliwa hata na waliokuwa maadui zake, na Jenerali Jan Smuts, aliyewahi kuongoza majeshi ya Uingereza dhidi yake, alikuwa mmoja wao. Ni simulizi yenye mapengo. Wapagazi, ambao bila wao bunduki isingefika popote, wanapita kama kivuli. Upande wa Uingereza pekee makadirio ya waliokufa yanafika 95,000, wengi kwa maradhi na njaa. Mazao ya vijiji yaliyotwaliwa na majeshi ya pande zote nayo yanapewa nafasi ndogo.

Alikuwa mbunge wa Reichstag kuanzia 1928 hadi 1930. Mwaka 1932 alihutubia uzinduzi wa mnara wa tembo mjini Bremen, uliojengwa kuyakumbuka makoloni. Mnara huo baadaye uligeuzwa kuwa ukumbusho wa kupinga ukoloni. Ikilinganishwa na vitabu vya Wajerumani, maandishi ya Waafrika kuhusu vita vya Afrika Mashariki ni machache. Martin Kayamba, aliyezaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, na kuwekwa kizuizini na Wajerumani, aliacha maelezo yake katika mkusanyiko uliohaririwa na Margery Perham mwaka 1936. Alichoandika kinawahusu wafungwa, si mikakati, nacho kinafaa kusomwa kando ya kitabu cha jemadari.

Lettow alirejea kuitembelea Dar es Salaam mwaka 1953, akachapisha tawasifu mwaka 1957, na akafariki Hamburg Machi 1964. Mwaka huo bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wake waliokuwa bado hai, zaidi ya miaka 45 baada ya Abercorn.