Nyasi Chini ya Tuta

Tukitaja historia, wengi wetu huwaza vita na watawala. Lakini jinsi watu walivyopata chakula nayo ni historia, na mara nyingine imeandikwa shambani tu.

Katikati ya karne ya 19, mashambulizi ya Wangoni yaliwafanya Wamatengo wabanane katika milima ya Mbinga, kusini mwa Tanzania. Huko ardhi ni ya mteremko mkali, na mvua kubwa huweza kuusomba udongo hadi bondeni. Kilimo chao cha ngoro ndicho kilichowawezesha kuishi humo.

Mwezi Machi, mvua zikielekea kwisha, wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatizana, zikafanya miraba. Kisha wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya nyasi. Hubaki shimo, na kulizunguka matuta yenye nyasi ndani yake. Juu ya matuta hupandwa maharage. Baadaye huja zamu ya mahindi. Shimo hukinga maji, yakazama polepole badala ya kutiririka. Nyasi zikioza hushika unyevu na kuurutubisha udongo. Magugu nayo hutupwa shimoni yaoze.

Haya hayakuwa siri. Mwaka 1938 A. H. Pike aliandika juu ya hifadhi ya udongo ya Wamatengo katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Hata hivyo, katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru wa Morogoro kuchimba matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa ya sulubu, na udongo wa chini usio na rutuba uliletwa juu. Mwaka 1955 ghasia zilizuka, na mpango ukaachwa.

Sidai kwamba ngoro ingefaa kila mlima. Ninachosema ni kwamba ngoro ilitokana na watu walioijua ardhi yao, na ngazi zilitokana na amri. Mwalimu yeyote anajua tofauti ya mambo hayo mawili.

Nawe msomaji mwenye bustani ya mchicha au sukuma wiki, usichome nyasi zako. Chimba mtaro, zilaze humo, zifukie, umwagilie, uziache zioze kwanza, ndipo upande. Kiangazi kikija, utaona ndoo za maji zimepungua.