Kodi ya Kuonekana: Safari kutoka GoTo hadi "Njoo Inboksi"

Leo naweka kando mambo ya msimbo tuzungumze historia kidogo. Katika kazi hii ya kutengeneza tovuti, mwenye duka akishauliza bei, swali linalofuata huwa lile lile: "Nikitafutwa kwenye Google, nitatokea wa ngapi?" Miaka ya karibuni wameongeza la pili: mbona ukurasa wangu wa Facebook una wafuasi elfu kumi, lakini nikiweka picha ya viatu vipya wanaoiona hawafiki elfu moja? Mimi naona hayo ni swali moja. Mwenye barabara wanakopita wateja hukupa kwanza nafasi ya bure, na soko likishajaa anaanza kukutoza kodi ya kuonekana. Wafanyabiashara wa katikati ya Nairobi hawahitaji kuelezwa sana, maana wengi wao wamelipa "gudwili" kabla hata ya kuingiza bidhaa kibandani. Kwenye intaneti kodi hiyo ilibuniwa na watu wanaojulikana, katika miaka inayojulikana.

Turudi Oktoba 1994. Tovuti ya HotWired ya Marekani iliweka matangazo ya mabango, mojawapo la kampuni ya simu ya AT&T, ambayo mara nyingi huhesabiwa kuwa mwanzo wa biashara hii. Muda si mrefu mabango yakawa yanauzwa kwa hesabu ya kila mara elfu moja yanapoonyeshwa, sawa na gazeti linavyouza ukurasa. Kama mtu alilitazama tangazo au alilipita tu, pesa ilikuwa imeshalipwa.

Injini za kutafuta za wakati ule, kama AltaVista iliyofunguliwa 1995, zilikuwa na shida nyingine. Zilitegemea sana maneno yaliyomo ndani ya ukurasa. Kwa hiyo mjanja aliandika neno "magari" mara mia tano, kwa herufi nyeupe juu ya karatasi nyeupe, akatokea juu huku anauza kitu kingine kabisa. (Ujanja huo haujafa. Nimewahi kurithi tovuti iliyokuwa na maneno meupe chini ya kila ukurasa, na mwenyewe hakujua!)

Hapo ndipo anapoingia Bill Gross, mtu wa California aliyeanzisha Idealab mwaka 1996, karakana ya kuzalisha kampuni changa. Wazo lake lilikuwa rahisi. Wadanganyifu hujazana pale juu kwa sababu hapalipiwi. Watoze pesa kila mtu anapobofya, na yule asiye na kile kinachotafutwa ataondoka mwenyewe, maana atakuwa analipia wageni wasionunua chochote. Februari 1998 aliueleza mpango huo kwenye mkutano wa TED mjini Monterey, na mwaka huo huo GoTo.com ikaanza kazi. Uliyetaka kutokea mtu akiandika neno fulani uliweka dau lako, hata senti moja ya dola, na mwenye dau kubwa alikaa juu. Tena kiasi cha dau kiliandikwa wazi kando ya kiungo, kila mtafutaji akakiona.

Wengi waliona ni rushwa: jibu la swali limepigwa mnada! Mimi namheshimu Gross kwa kutoficha. Ulipobofya kiungo chake ulijua nani amelipa, na amelipa ngapi. Wakubwa waliokuja baada yake hawakutuonyesha hesabu hiyo tena, na sidhani ilisahaulika kwa bahati mbaya.

GoTo ilianza kuuza matokeo yake kwa tovuti kubwa, ikabadili jina kuwa Overture mwaka 2001, na mwaka 2003 ikanunuliwa na Yahoo kwa takriban dola bilioni 1.6.

Sasa tuwaangalie Larry Page na Sergey Brin. Katika karatasi yao ya 1998 iliyoeleza jinsi Google inavyofanya kazi, waliandika kwamba injini ya kutafuta inayoishi kwa matangazo itaelekea kumpendelea mwenye tangazo kuliko mtafutaji. Oktoba 2000 wakafungua AdWords ikiwa na watangazaji 350! Mwanzoni waliuza kwa mtindo wa mabango, kwa kila mara elfu moja. Februari 2002 ndipo walipoleta mnada wa kubofya, lakini wakaongeza kitu kimoja ambacho, kama mwandishi wa programu, bado nakistaajabia.

Tuchukue mfano kwa shilingi zetu. Wanjiku anauza masufuria, ameweka dau la shilingi 10 kwa kila bofyo. Otieno ana dau la shilingi 20. Kwa GoTo Otieno angekaa juu, basi. Google ilizidisha dau kwa uwezekano wa tangazo kubofywa. Kama tangazo la Wanjiku hubofywa mara 3 katika kila 100, alama zake ni 30. La Otieno likibofywa mara 1, anapata 20. Wanjiku anapanda juu, tena halipi ile 10 yote. Analipa kiasi cha kumshinda Otieno tu, yaani 20 kugawanya kwa 3, kama shilingi 6 na senti 67. Mwenye tangazo linalopendwa analipa kidogo, mtafutaji anaona kinachomfaa, na Google inapata zaidi kwa sababu nafasi ya juu inabofywa mara nyingi zaidi. Ni hesabu ya mtoto wa shule ya msingi, na juu yake imejengwa moja ya kampuni tajiri zaidi duniani.

Overture hawakufurahi. Aprili 2002 waliishtaki Google kwa kutumia hataza yao ya mnada. Kesi ilimalizwa nje ya mahakama Agosti 2004, siku chache kabla hisa za Google kuingia sokoni, kwa Yahoo kupewa hisa milioni 2.7.

Kwa duka dogo hili lilikuwa jambo kubwa. Kabla yake, kutangaza kulihitaji bajeti ya redio au gazeti. Sasa mtu mwenye duka la uzi alimfikia yule hasa aliyeandika "uzi wa kufuma" dakika hiyo hiyo. Mteja amesema mwenyewe anachotaka! Hakuna bango la barabarani linaloweza hivyo. Ndiyo maana naikumbuka enzi ile kwa wema kuliko zilizofuata.

Lakini ile kodi ilikuwa inapanda polepole. Desemba 2002 Google ilifungua Froogle, mahali pa kutafuta bidhaa na kulinganisha bei, na maduka yaliingiza bidhaa bila malipo. Miaka kumi baadaye, mwaka 2012, sehemu hiyo ikiwa imeitwa Google Shopping, walitangaza kwamba atakayetaka kuonekana humo Marekani sharti alipe. Waliokuwa wamezoea bure wakajikuta mnadani. Juni 2017 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya yuro bilioni 2.42 kwa kuipendelea huduma hiyo yake kuliko za washindani kwenye kurasa za matokeo, na mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya ikaikubali faini hiyo Septemba 2024. Hesabu miaka mwenyewe. Washindani wengi wadogo hawawezi kungoja haki kwa muda huo. Nafasi za bure zilirudishwa kuanzia Aprili 2020, ila nani ana haraka ya kuteremka chini ya matangazo kuzitafuta?

Facebook ilikuja kwa mlango mwingine. Pale hakuna anayeandika anachotaka, watu wamekuja kuangalia picha za harusi ya binamu. Kwa hiyo muuzaji hangoji kuulizwa, anakisiwa yupi atapenda nini. Novemba 2007 kampuni ilizindua mfumo wake wa matangazo pamoja na kitu kiitwacho Beacon. Ukinunua kitu kwenye tovuti shirika, habari ilipelekwa kwa marafiki zako. Kuna mume aliyemnunulia mkewe pete ya almasi kwa siri, na siri ikatangazwa kabla hajaitoa mfukoni. Mark Zuckerberg aliomba radhi Desemba hiyo hiyo, na Beacon ikafungwa mwaka 2009 baada ya kesi. Jina lilikufa, wazo halikufa. Leo ukiangalia jozi ya viatu dukani mtandaoni, viatu hivyo vinakufuata hadi usiku, ila marafiki zako hawaambiwi.

Kurasa za biashara nazo zilikuwa bure, na wauzaji walitumia miaka kukusanya wafuasi. Mwaka 2012 Facebook yenyewe ilisema kwamba kwa wastani chapisho la ukurasa huwafikia kama asilimia 16 ya wafuasi wake, na hapo hapo palikuwa na kitufe cha kulipia wengine zaidi. Januari 2018 wakatangaza kwamba machapisho ya ndugu na marafiki yatapewa nafasi mbele ya yale ya biashara. Wafuasi wako elfu kumi ni wapangaji wa mtu mwingine, wewe umepewa orodha ya kutazama tu.

Huku kwetu Kenya mambo yalikwenda kwa njia yake. M-Pesa ilianza Machi 2007, nyaya za chini ya bahari zikafika Mombasa mwaka 2009, bei ya intaneti ikashuka. Kilichobaki ilikuwa kuyajua maduka yenyewe, maana mengi hayakuwa na tovuti wala anwani ya mtaa. Kampuni iitwayo Mocality iliamua kuyahesabu kwa miguu. Vijana walizunguka mitaani wakiandika jina la duka, simu na mahali lilipo, wakalipwa kwa M-Pesa, hadi saraka yao ikapita biashara laki moja. Kwa mtafutaji wa Kenya hiyo ilikuwa hazina.

Septemba 2011 Google ilizindua mradi wa kuwapa wafanyabiashara wa Kenya tovuti za bure. Haikuchukua muda wateja wa Mocality wakaanza kuuliza maswali ya ajabu kuhusu tovuti walizoahidiwa. Wahandisi wa Mocality wakachunguza kumbukumbu za seva, wakaona anwani moja ya IP ikifungua ukurasa baada ya ukurasa. Wakaweka mtego ambao bado unanifurahisha: anwani ile ikifungua kurasa fulani, badala ya simu ya duka ilionyeshwa simu ya kituo cha Mocality wenyewe. Simu zikalia! Wapigaji walikuwa wa ule mradi wa Google, wakiuza tovuti. Januari 2012 mkuu wa Mocality, Stefan Magdalinski, akaanika kila kitu pamoja na ushahidi. Nelson Mattos, makamu wa rais wa Google, aliomba radhi hadharani na kukiri kwamba watu wa mradi walitumia data ya Mocality isivyofaa na kudanganya kuhusu uhusiano wao na kampuni hiyo. Mocality ilifungwa mwaka 2013.

Sisemi ilifungwa kwa sababu ya kisa hicho. Lakini baada ya saraka ile, muuzaji mdogo wa Kenya hakuelekea kwenye tovuti yake mwenyewe, alielekea Facebook, Instagram na WhatsApp. Simlaumu. Picha anapiga kwa simu, malipo yanaingia kwa M-Pesa, mtu wa bodaboda anapeleka mzigo. Safaricom ilipofungua Daraja mwaka 2017, sisi waandishi wa programu tulishangilia kwamba sasa duka lolote la mtandaoni linaweza kumtumia mteja ombi la malipo moja kwa moja kwenye simu yake. Tulitumia siku nyingi kuliunganisha, na muuzaji wa viatu akaendelea kuandika chini ya picha: "Bei njoo inboksi."

Maneno hayo matatu yanastahili kuangaliwa. Bei ikifichwa kwenye mazungumzo, injini ya kutafuta haiioni, na mnunuzi hawezi kulinganisha maduka matano kwa dakika moja kama Froogle ilivyomwezesha. Muuzaji anapata nafasi ya kukupima kwanza, kama Gikomba. Mnunuzi naye anapata mtu wa kumuuliza maswali, na katika nchi ambako wengi wamewahi kutuma pesa wakaletewa kitu tofauti na picha, kuongea na mtu ni bima. Kwa hiyo tumerudi sokoni, ila uwanja una mwenyewe, na uwanja huo ni wa Meta.

Simu nyingi anazotumia muuzaji huyo ni za Android, na zimekuja na kisanduku cha Google pale juu ya kioo tangu dukani. Nafasi hiyo nayo inalipiwa. Katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google ilijulikana kwamba mwaka 2021 peke yake kampuni ililipa zaidi ya dola bilioni 26 kwa Apple, watengenezaji wa simu na wengineo ili iwe injini ya kwanza mtu anayoikuta. Agosti 2024 jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google ilikuwa imehodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria. Septemba 2025 akakataza mikataba ya kuwafungia wengine nje, ila malipo yenyewe hakuyapiga marufuku.