Kasa na Ng'amba: Majina Mawili na Historia Yake

Baadhi ya wafasiri huandika "kobe wa baharini" kana kwamba Kiswahili hakina jina la mnyama huyu. Kobe ni wa nchi kavu. Wa baharini ni kasa, na mmoja katika jamii yake, mwenye magamba ya thamani, ni ng'amba. Magamba yenyewe nayo huitwa ng'amba, wala si ajabu, kwani biashara yake ni kongwe. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 1 wayataja magamba ya kasa miongoni mwa bidhaa za Rhapta, katika pwani yetu. Wavuvi nao walimnasa mnyama huyu kwa chazo aliyefungwa kamba mkiani.

Kasa aliwindwa kwa nyama na mayai, ng'amba kwa magamba. Leo wote hunaswa pia katika jarife. Mkataba wa kimataifa ulikataza biashara ya ng'amba tangu 1977, lakini Japani iliendelea kuagiza magamba yake hadi mwisho wa 1992. Afisa asiyetenganisha majina haya atajuaje ni yupi aliyeuawa, na kwa faida gani? Istilahi ipo, tuitumie.