Morogoro Jazz haikuwa ya Mbaraka

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani Mpwapwa kwenye harusi ya mtoto wa jirani. Mambo yalikuwa yale yale ya siku hizi, Bongo Fleva mwanzo mwisho, spika zinatetemesha mabati. Ilipokaribia saa tano usiku jamaa wa muziki akaona awakumbuke na wazee, akaweka "Shida". Basi bwana, mzee mmoja aliyekuwa anasinzia tangu maharusi waingie akainuka, akamkabidhi mjukuu koti lake, akaingia kati.

Rafiki yangu, mwenye digrii yake kama mimi, akaniinamia sikioni: "Unaisikia Morogoro Jazz hiyo? Bendi ya Mbaraka." Mzee alikuwa karibu, akatusikia. Hata kucheza hakuacha. "Wimbo huo si wa Morogoro Jazz, wajukuu zangu. Na Morogoro Jazz haikuwa ya Mbaraka."

Makosa mawili katika sentensi moja, na sisi ndio tuliosoma!

Mzee alikuwa sahihi kotekote. "Shida" ni ya Super Volcano, bendi ambayo Mbaraka aliiunda baada ya kuondoka Morogoro Jazz. Na Morogoro Jazz yenyewe ilianzishwa mwaka 1944, mwaka ule ule aliozaliwa Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Yaani bendi na mtu ni rika moja. Wakati yeye ananyonya, wenzake walikuwa wameshaanza kupiga dansi. Alipojiunga nayo katikati ya miaka ya 1960, bendi ilikuwa na umri wa miaka ishirini hivi, imeshaona utawala wa Mwingereza ukiondoka na bendera ikibadilishwa.

Hilo neno "jazz" lisikupoteze, msomaji. Halina uhusiano mkubwa na jazz ya Wamarekani. Kwa wazee wetu lilikuwa kama cheo cha bendi: ukiwa na magitaa, ngoma na tarumbeta, na watu wanacheza dansi badala ya ngoma ya kijijini, wewe ni jazz. Dar es Salaam Jazz ilitangulia tangu 1932, wakafuata wengine kila pembe, hadi Tabora Jazz na Western Jazz. Bendi nyingi za mwanzo zilikuwa mfano wa klabu, zina wanachama na viongozi, na vyombo ni mali ya klabu. Mwanamuziki anakuja, anapiga, anaondoka, vyombo vinabaki. Ukilielewa hilo utaelewa kwa nini mzee wa harusini alikasirika tulipompa mtu mmoja bendi nzima.

Lakini kwa nini Morogoro? Hili limenisumbua, maana si mji mkuu, wala hauna bahari wala bandari ya kuleta mabaharia na santuri zao. Maelezo yangu mimi ni haya. Reli ilifika pale kutoka Dar es Salaam mwaka 1907, kisha ikaendelea kupanda huku kwetu. Ukipanda treni ya zamani Gulwe, stesheni yetu watu wa Mpwapwa, unapita Kilosa na Kimamba, unafika Morogoro. Barabara nazo zinagawanyika hapo hapo, moja inakuja Dodoma, nyingine inakwenda Iringa. Tena kulikuwa na mashamba ya mkonge pande zote, yenye vibarua waliotoka mbali na makwao na wanaolipwa kwa fedha taslimu. Mtu aliye mbali na ukoo wake, ana mshahara mfukoni, na ni Jumamosi jioni. Huyo ndiye mteja wa dansi.

Na mji huo haukuwa na bendi moja. Mwaka 1948 kijana aliyezaliwa 1928, Salum Abdallah, alianzisha kundi lililoitwa La Paloma, ambalo baadaye likawa Cuban Marimba. Jina halikuokotwa. Miaka ile santuri za Kikyuba za mfululizo wa GV, zilizotolewa na kampuni ya HMV tangu miaka ya 1930, zilikuwa zinazunguka Afrika nzima, na vijana wa Morogoro walizisikiliza kama sisi tulivyosikiliza kaseti za Tupac. Hawakujua Kihispania. Wakachukua mapigo, wakaweka Kiswahili juu yake. Salum aliimba mapenzi, akaimba na siasa za kudai uhuru na kujenga nchi. Ukisikiliza "Ngoma Iko Huku" leo, utashangaa ilivyo nyepesi, sauti imetulia, haina papara hata kidogo. Kwa maoni yangu mtu huyu hajapewa heshima yake. Tunamkumbuka Mbaraka kwa sababu alikufa karibu zaidi na zama zetu.

Salum alifariki mwaka 1965 kwa ajali ya gari, akiwa na miaka 37. Cuban Marimba haikufa naye. Juma Kilaza alishika usukani na bendi ikaendelea. Hapo unaiona faida ya bendi kuwa kubwa kuliko mtu.

Kwa hiyo miaka ya 1960 Morogoro ilikuwa na Cuban Marimba upande huu na Morogoro Jazz upande ule, mfano wa Simba na Yanga katika mji mdogo. Mzee wangu wa harusini (nilimfuata baadaye, nikamsalimia vizuri na kumwomba radhi) aliishi Morogoro enzi hizo akifanya kazi kwenye mkonge. Aliniambia kulikuwa na nyumba mume anakwenda huku na mke anakwenda kule, na Jumapili hawasemeshani. Nikamuuliza yeye alikuwa upande gani. Akacheka tu.

Silaha ya ushindani huo ilikuwa mtindo. Kila bendi ilitakiwa kuwa na mtindo wake, wenye jina lake na uchezaji wake, na bendi ikiona watu wamezoea inatoa mwingine. Morogoro Jazz walikuwa na Likembe na Sululu. Mbaraka na gitaa lake la solo aliikuta hali hiyo ikiwa moto, na nadhani ndiyo iliyomnoa. Mpinzani wako akiwa anapiga jirani, huwezi kulala.

Kilele kilikuwa 1970. Yalifanyika maonyesho makubwa ya dunia mjini Osaka, Japani, na bendi iliyokwenda kuiwakilisha Tanzania ilikuwa Morogoro Jazz. Hebu fikiria: Dar es Salaam ilijaa bendi, zikiwemo za taasisi za serikali kama NUTA Jazz, lakini waliopanda ndege ni watu wa mkoani. Waliporudi wakatoa "Expo 70". Mtoto wa shule ya msingi wa Kilosa akajua kuna mahali panaitwa Osaka.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Nyimbo hizi zilirekodiwa namna mbili. Namna ya kwanza ni RTD, ambayo leo ni TBC Taifa. Bendi inaingia studio, inarekodi kwenye mkanda, redio inaupiga nchi nzima. Unapata jina, lakini mkanda huo hauuzwi dukani. Namna ya pili ni santuri, na Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Ukitaka wimbo wako uuzwe, unakwenda Kenya. Morogoro ikatunga na kucheza, Nairobi ikauza.

Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka akaanzisha Super Volcano na mtindo wake wa Masika. Simlaumu. Katika bendi ya klabu nyota na mpiga tumba wote ni wanachama tu, na huko nje jina lake lilikuwa linauza santuri. Alipokuwa na bendi yake alitoa "Pesa No. 1", akatoa "Shida", na Kenya ikampenda labda kuliko sisi. Ila Morogoro Jazz haikurudia tena hadhi yake. Cuban Marimba ilimpoteza Salum kwa kifo ikasimama, Morogoro Jazz ilimpoteza Mbaraka akiwa hai ikapwaya. Nimejaribu kupata sababu moja, sijaridhika na yoyote.

Tarehe 12 Januari 1979 Mbaraka naye alikufa kwa ajali ya gari, Mombasa. Alikuwa na miaka 34. Mpaka wetu na Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki imevunjika, na huku Tanzania iko vitani na Idi Amin. Katikati ya vurugu zote hizo bado kazi ya mwanamuziki wa Morogoro ilikuwa ng'ambo ya mpaka. Baada ya kifo chake kampuni ya Polygram ya Kenya ilikusanya nyimbo zake katika santuri za "Ukumbusho". Za Salum zilikuja kutolewa kwenye CD mwaka 2000 na kampuni ya Ujerumani, Dizim.

Sheria yetu ya hakimiliki iliyoanzisha COSOTA ilipitishwa 1999. Inampa mtunzi haki maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Ilipopitishwa, Salum alikuwa ameshalala kaburini miaka 34, Mbaraka miaka 20. Piga hesabu: muda wa Salum uliisha 2015, nami sikumbuki kusoma hata mstari mmoja gazetini siku hiyo, na gazetini ndiko ninakofanya kazi. Wa Mbaraka unaisha 2029. Yule jamaa wa muziki pale Mpwapwa alilipwa usiku ule, nilimwona akihesabu.